Karani wa Kliniki na Mama Mkwe

Miaka ya sabini, yule dada wa mapokezi kwenye kliniki ya daktari wetu pale Nyeri alikuwa na vidole vya wino na sauti ya mnada. Alimwuliza kila mgonjwa mbele ya benchi zima, "Uko na nini?" Akijibiwa, alirudia jibu kwa nguvu huku akiliandika kwenye kadi, hivyo sote tulijua kuhara kwa mwalimu na bawasiri ya mzee wa kanisa. Nilimhesabu miongoni mwa waliozika heshima ya nchi hii.

Siku moja akaja mama mzee kutoka Wamagana, ameshika tumbo, jasho linamtoka. "Uko na nini, cucu?" karani akamwuliza, akimwita nyanya kwa Kikuyu. Mama akatazama mwisho wa benchi, akajifunika uso kwa leso, akageuka arudi nyumbani na ugonjwa wake. Karani akamshika mkono. "Kwani yule ni nani?"

"Ameoa binti yangu," mama akanong'ona.

Zamani mkwe angeondoka bila kuambiwa, kwani maradhi ya mama mkwe hayakutajwa mbele yake. Huyu, pamba sikioni, alikuwa anasoma gazeti. Karani akampelekea chupa.

"Wewe, enda choo ulete mkojo."

"Lakini mimi niko na shida ya sikio!"

"Ni hilo sikio tunapima. Na usirudi kabla chupa ijae."

Ilikuwa chupa ya lita nzima. Mkwe alipotoka, karani akainama juu ya meza, akamwuliza mama kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimekaa karibu kabisa, nikajisogeza tena, na sikusikia hata neno moja.