Samadi ya Nguruwe Mgogoni

Kilichoninyima usingizi si lile neno lililowakasirisha watu. Ni tarakimu zilizokuwa chini yake. Nikinyamaza, nani atajua? Na nikisema, si nitakuwa nimejishitaki mwenyewe?

Tarakimu zilikuwa zangu. Chuoni niliandika tasnifu ya kulinganisha naitrojeni inayopotea kwenye samadi ya nguruwe katika nchi mbili za Ulaya. Nguruwe mwenyewe sijapata kumwona. Mwalimu wangu alikuwa na takwimu tayari, nami nilitaka kumaliza. Naitrojeni ndiyo nguvu ya samadi. Ikiachwa wazi huruka hewani, na harufu ile inayochoma pua ndiyo hiyo inayoondoka. Nchi moja hufunika, nyingine huacha wazi, na kwa sababu ya baridi hata hiyo ya pili haipotezi sana. Nyumbani nilimwambia mama nasomea samadi. Samadi gani, hakuuliza.

Nikarudi Pemba, nikapata kazi ya muda kwenye mradi wa kilimo. Mkuu wangu alitakiwa atoe kipeperushi cha samadi ya ng'ombe kwa wakulima wa Mgogoni, kwetu. Akaiomba tasnifu yangu "aitazame". Alichofanya ni kubonyeza kompyuta tu: kila penye nguruwe pakawa ng'ombe, nchi moja ikawa Unguja, nyingine Pemba. Chini akaweka ushauri: samadi iachwe wazi mpaka wakati wa kupanda, haitapoteza kitu. Nilikiona kikiwa kimeshachapwa. Nikanyamaza. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha.

Ila mchoro mmoja ulikuwa picha, na maneno yake hayakubadilika. Kwenye mkutano na wakulima, ndani ya darasa la skuli, mzee mmoja wa mbele akavaa miwani.

"Bwana mkubwa, hapa pana samadi ya nguruwe."

"Wapi?"

"Ukurasa wa mwisho. Au miwani yangu imekula haramu?"

Watu wakaangua kicheko, kisha wakakasirika kwelikweli. Bibi mmoja akakitupa kipeperushi chini. "Astaghfirullah! Na mie nshakishika kwa mikono yote miwili. N'kaoshe mara saba, na udongo?"

Mkuu akaomba radhi, kosa la uchapaji, vingine vitakuja Jumatatu. Wakaridhika. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Katika karatasi ile nzima neno la kweli lilikuwa hilo moja, na ndilo lililokwenda kufutwa.

Niliporudi nyumbani nikakuta rundo la samadi nyuma ya banda liko wazi, jua linalipiga. Mchicha na nyanya za mama, ambazo ndizo zinazotulisha, zinalitegemea rundo lile.

"Mama, makuti yako wapi?"

"Nshayaondoa. Si karatasi yenu ilosema? Mwanangu kasoma, mie nikae nafunika kama sijui kitu?"

Harufu ilikuwa kali hadi machozi yakanitoka. Nilijua ni nini kinachoondoka, na nilijua ni nani aliyekifungulia mlango.

Asubuhi nikamfuata mkuu ofisini, nikamwambia hesabu zile si za ng'ombe wa kwetu.

"Wewe binti, samadi ni samadi," akasema.

"Basi kwa nini umemfuta nguruwe?"

"Vigawe vizuri hivyo vipya, halafu tutazungumza habari ya mkataba wako."

Siku zote hadi Jumatatu nilipanga maneno na kuyapangua. Nikafikiria nilifunike rundo la mama kimyakimya, yaishe. Lakini marundo mengine je? Wenyewe walikuwa wameniamini mimi, binti yao, si yule mkuu.

Jumatatu watu wakakusanyika tena darasani, vipeperushi vipya vikaletwa, safi, bila nguruwe. Sikugawa hata kimoja. Nikasimama mbele kabla mkuu hajafungua kinywa.

"Mzee wangu, miwani yako haikukosea," nikamwambia yule mzee. "Hesabu hizi ni za nguruwe wa nchi za baridi. Nimeziandika mimi. Nimeona zinageuzwa, nikanyamaza. Funikeni samadi zenu."

Mkuu akaniita kwa ukali. Mama akainuka kule nyuma.

"Weye! Makuti yangu nshayatia motoni!"

Hapo hakuna aliyecheka. Nikatoka nikaenda kwa jirani kuomba makuti. Adhuhuri haijaadhiniwa nilikuwa nimelifunika rundo la mama, na nilikuwa njiani kwenda kwa mzee wa miwani, mzigo mwingine wa makuti kichwani.