Tairi Halina Damu

Mwanangu, duniani hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nilianza kuziba pancha pale njia panda ya Mbande nikiwa na pampu ya mkono na kopo la gundi, leo nina karakana tatu na wenye shahada zao wananiita bosi. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nimewahi kuona tairi la lori likipasuka na kumrusha mtu mzima juu ya paa la duka, akashuka mwenyewe akaanza kuulizia kofia yake. Nikasema basi, nimeyaona yote. Lakini nakumbuka siku moja ya kiangazi, Dodoma mjini, nilipofanya jambo ambalo mpaka leo wakwe zangu wakikutana hawaachi kulisema. Wewe ambaye mkeo alipasuliwa kwa mtoto wa kwanza, na sasa ni mjamzito tena, hili ni lako. Lisome taratibu.

Mke wangu, Mama Neema, alimpata Neema kwa upasuaji. Mtoto alitanguliza matako, akakataa kugeuka. Ikapita miaka mitatu, mimba nyingine ikaingia. Mimi nikaamua hapohapo kwamba atapasuliwa tena. Hoja nilikuwa nayo, na nilikuwa naitoa kwa sauti mbele ya wateja: tairi lililozibwa hulipeleki tena safari ndefu na mzigo mzito. Halafu fedha ninazo. Nilidhani mwanamume mwenye fedha mkewe hana haja ya kusukuma.

Jioni moja, Mama Neema akiwa ananitengea ugali na mlenda, akasema, "Baba Neema, mara ile nililala mshono unauma, mwanangu analia, watu wengine ndio wanamnyanyua. Safari hii nataka kujaribu mwenyewe. Kama haiwezekani, waniambie wao, siyo wewe."

"Na mshono ukiachia?"

"Ndiyo maana nasema twende tukaulize. Au unaogopa kuuliza mbele ya waliosoma?"

Niogope? Mimi? Wiki ileile tulikuwa hospitali mjini.

Alitupokea mkunga mmoja mama mtu mzima, mwembamba, miwani imening'inia kifuani. Akampima mke wangu, akamuuliza habari za uzazi ule wa kwanza. Nikaona nimsaidie. Nikampa hoja yangu ya tairi, tena kwa madaha, maana nilijua hajawahi kuisikia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, hilo tairi ukishaliziba, huwa linaota nyama?"

"Lioteje nyama?"

"Mwenzio huyu ameota. Tairi halina damu, baba. Usimfananishe mkeo na lori."

Wajawazito waliokuwa kwenye benchi nje ya mlango walicheka kama wako harusini. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti kuliko wao. Mtu wa hadhi yangu hashindwi hata kwenye kucheka.

Daktari naye akaja. Akasema mara ile kizazi walikikata sehemu ya chini, mkato wa kulala siyo wa kusimama, na kidonda kilipona vizuri. Kilichomfanya apasuliwe ni mkao wa mtoto, na huyu wa sasa kichwa kiko chini. Anaweza kujaribu. Ila siyo nyumbani, wala siyo kwenye zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Kovu huweza kuachia. Ni mara chache, lakini likiachia ni hatari kwa mama na kwa mtoto, na hapo hakuna muda wa kutafuta gari kutoka Mbande.

"Mkae karibu," akasema. "Uchungu ukianza tu, njooni. Na nikisema twende tukapasue, sitaki kikao cha ukoo."

Basi mimi, mwenye nyumba yangu ya bati la rangi, nikawa mpangaji. Vyumba viwili, mtaa wa Area D, karibu na hospitali. Kimoja chetu, cha pili cha mama mkwe, aliyetoka kijijini Kongwa kuja kumwangalia Neema. Hapo ndipo nilipopata kazi, mwanangu. Sisi Wagogo mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hamli sahani moja, hamtazamani usoni, na ukimgusa unatozwa faini. Sasa tuko korido moja, choo kimoja! Nikitaka kutoka, nakohoa. Yeye akisikia, anarudi ndani. Akiwa na neno na mimi, analiambia ukuta.

"We ukuta, mwambie mkwe chumvi imekwisha."

Nami naujibu ukuta kwamba jioni italetwa.

Siku moja shangazi yake Mama Neema akatuma chupa ya dawa ya mizizi, ya kuharakisha uchungu. Nikaipokea kwa mikono miwili. Haikupita muda, nikasikia ukuta unaambiwa: "Mkunga alisema vitu hivyo vinakaza kizazi kwa nguvu mpaka kovu linaachia. Mwambie mkwe akamwage. Na asimwage karibu na maharage yangu." Nikaenda kumwaga ng'ambo ya barabara.

Uchungu ulianza asubuhi, tunakunywa uji. Uji wenyewe hatukuumaliza. Tukaita bajaji, Neema tukamwacha kwa mama mwenye nyumba, mama mkwe akakaa nyuma na mwanawe, mimi nikabanana na dereva. Kufika, mkunga akauliza nani ataingia na mama, maana wanaruhusu mmoja tu. Nikamwangalia mama mkwe. Yaani niliangalia viatu vyake.

Mama Neema akasema, "Aingie huyu mwenye maneno mengi."

Ndani kule, mwanangu, maneno yangu yote niliyaacha mlangoni. Mkunga alikuwa haondoki. Anasikiliza mapigo ya mtoto, anagusa tumbo, anauliza kama kovu linauma uchungu ukitulia. Nyuma ya pazia la pili alikuwepo mama mwingine, naye alipasuliwa zamani, naye anajaribu. Ikafika saa daktari akamwambia mapigo ya mtoto hayamridhishi, twende. Wakaenda naye mbio. Mama Neema aliyasikia yote. Mchana ukiwa umesimama akanishika mkono, akanikaza mimi ninayefungua nati za lori.

"Baba Neema, siwezi tena. Waambie wanipasue."

Neno hilo nilikuwa nalisubiri tangu mimba ikiwa changa. Nikanyanyuka kumwita daktari. Mkunga akainama kwa mke wangu, siyo kwangu.

"Mama, ukitaka upasuaji tunaenda sasa hivi, na hakuna wa kukucheka. Mtoto yuko vizuri, njia imebaki kidogo sana kufunguka. Sema wewe."

Mama Neema akanitazama. Mkunga naye akanitazama. Walijua nitasema, maana mimi nasema hata na kuta. Nikasikia kinywa changu kinatoa maneno ambayo sikuwa nimeyapanga.

"Mama Neema, msemaji ni wewe. Ukisema twende, kitanda hiki nakisukuma mwenyewe. Ukisema tubaki, mikono hii hapa."

Akafumba macho.

"Tubaki. Nibonyeze mgongo. Chini. Chini zaidi! Umefungua matairi yote ya wilaya, mgongo mmoja unakushinda?"

Nikabonyeza. Nilibonyeza mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha mkunga akaanza kusema sukuma, pumua, sukuma tena, na mtoto wa kiume akatoka analia kama honi ya basi la mikoani. Wakamweka kifuani kwa mama yake. Kovu zima, mama mzima.

"Nimemzaa mwenyewe," akasema, akampapasa kichwa. "Nimemnyanyua mwenyewe."

Nilitoka mle ndani mbio. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi. Nikamkumbatia, nikamnyanyua juu juu mbele ya korido nzima.

"Niweke chini, we mwehu! Kuna nini?"

"Wa kiume! Mwanao kasukuma mwenyewe!"

Akapiga kigelegele akiwa hukohuko juu. Nilipomteremsha akajifunika uso na kanga, akageukia ukuta wa hospitali. "We ukuta, mwambie mkwe nataka mbuzi wangu."

Kigelegele cha pili kilitoka upande wa upasuaji. Yule mama wa pazia la pili naye mtoto wake mzima, naye mzima. Nakwambia, havikutofautiana.

Kwa hiyo nasaha yangu ndiyo hii. Kabla hujatoa hoja, nenda na mkeo mkaulize alipasuliwa kwa nini na alikatwa vipi. Wakisema anaweza kujaribu, mhamishe, mkae karibu na chumba cha upasuaji, na chupa za shangazi zimwage. Wakisema haiwezekani, au wakibadili safari katikati, usinune, hajashindwa mtu. Na ukiruhusiwa kuingia, mdomo uache nje, ingia na mikono.

Mungu amjalie mkeo ashuke salama kwa mlango wowote atakaopewa, na akupe na wewe mama mkwe wa kukudai faini. Mimi yangu nililipa: mbuzi wa mnadani elfu arobaini na nane, na doti ya kanga elfu saba na mia tano. Jumla, shilingi elfu hamsini na tano na mia tano.