Mstari Mwekundu kwenye Ukuta wa Ghala

Kutembeza wageni mtaa wa kale kando ya mto ni kazi ya mdomo, na mdomo wa mama huyu haukuwahi kumwangusha. Miaka kumi na tisa amepanda na kushuka ngazi zile za mawe, mwavuli juu ili wageni wasimpoteze, akiwachekesha mpaka wasahau miguu inauma. Asubuhi hiyo, hata hivyo, alichunga kila neno. Nyuma ya wageni wake sita alifuata mkaguzi wa ofisi ya majengo ya kale, jalada kwapani. Akiridhika, angemwongezea kibali cha kazi. Asiporidhika, basi tena.

Kwenye ukuta wa ghala la zamani alinyoosha mwavuli kuonyesha mstari mwekundu, usawa wa kifua. "Mafuriko makubwa yalifika hapa," akasema, kama alivyosema kila siku. Wageni wakaguna, wakapiga picha.

Uongo mtupu. Siku yake ya kwanza kazini mgeni aliuliza mstari ule ni wa nini, naye akaona haya kusema kwamba marehemu baba yake, fundi rangi, alijaribia brashi pale. Akabuni mafuriko. Wenzake wakayadaka, ofisi ikayatia kitabuni, na yeye, Mungu amsamehe, akavimba kichwa.

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa. "Safi sana, mama. Mstari huu umetusaidia. Nyumba zote zilizo chini yake tunazibomoa, kwa usalama wa watu. Barua zinatoka kesho."

Chini ya mstari kulikuwa na nyumba kumi na moja, na ya kwanza ni ya shangazi yake. Angeweza kunyamaza tu; kibali kilikuwa mkononi.

"Hayakuwepo mafuriko," akasema, akishusha mwavuli. "Hiyo ni rangi ya baba yangu. Hayo mengine nimeyatunga mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi alishusha jalada kutoka kwapani.

"Ulidanganya miaka yote hiyo, au unadanganya leo kuwaokoa ndugu zako? Nikuamini lipi?"

"La leo, bwana. Shangazi yangu yupo pale chini. Siku baba alipojaribia brashi, yeye alimshikia kopo la rangi. Muulize mwenyewe."

"Haya, twende. Akisema hivyo, nazisimamisha barua."

Wakashuka wote, wageni nyuma yao. Alibisha hodi. Shangazi akafungua, mikono imejaa povu la sabuni, akawaona wageni na kamera zao, uso ukamchanua.

"Karibuni, karibuni! Mwanangu, leo niachie mimi niwaeleze," akasema, na kabla mpwa wake hajafumbua mdomo alikwishaweka mkono kifuani. "Maji yalifika hapa, wanangu. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili."

Mkaguzi akatoa kalamu, akaanza kuandika.