Chairman ni Yule Pale

Siku niliyochaguliwa mwenyekiti wa kituo chetu cha kuuzia majani chai, nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara, mahali ambapo kwa kawaida huachiwa ng'ombe na wanasiasa. Tulikuwa tumepiga kura ya mlolongo, kila mtu anasimama nyuma ya yule anayemtaka, na mlolongo wangu ulipita kibanda cha mizani ukaingia shambani kwa jirani. Nyuma yangu walisimama karibu akina mama wote, kwa sababu ndio wanaobeba magunia. Nyuma ya mzee aliyekuwa na kiti hicho tangu kituo kilipokuwa nguzo na mabati tu, walisimama wazee wenzake, na wengine wao walikuwa wameketi.

Kwenye barua cheo chenyewe huandikwa Mwenyekiti. Mdomoni, huku kwetu Bomet, ni Chairman, na hicho ndicho nilichokitaka. Sitajifanya kwamba nilisukumwa na uchungu wa wakulima peke yake. Nilitaka kupita sokoni nisikie mtu akisema, "Chamgei, Chairman," nami niitikie polepole, kama mtu anayesumbuliwa na mengi. Maisha yangu yote ya ndoa nimeitwa Bibi ya Mwalimu. Hata heshima niliyokuwa nayo ilikuwa ya kuazima, na mwenye nayo alikuwa nyumbani akisikiliza redio.

Asubuhi iliyofuata nilifika kituoni mapema na gunia langu mgongoni. Mtu akaita, "Chairman." Tukageuka wawili, mimi na yule mzee. Aliyeita alikuwa karani wa mizani. Alinipita kama anavyoipita nguzo, akaenda kumsalimia mzee kwa mikono miwili, kisha akanikumbuka.

"Bibi ya Mwalimu," akasema, "leta gunia."

Nilikuwa nimesahau kwamba huku kwetu cheo hakivuliwi. Mtu akiwahi kuwa chifu, atazikwa akiitwa chifu. Tuna jirani anayeitwa Kocha ingawa timu yake ilivunjika kabla jezi hazijafika. Kura inaweza kumnyang'anya mtu kiti, mihuri na nafasi ya mbele mikutanoni, lakini salamu inabaki kuwa yake.

Kumwambia mzee mwenyewe haikuwezekana. Yeye ni rika moja na baba mkwe wangu, na kwa Wakipsigis hilo linatosha kumfanya naye baba mkwe. Jina lake silitaji. Nikikutana naye njiani napisha na kutazama chini. Miaka yote nilimwita Chairman kwa kuwa ndilo neno lililokuwa salama, na sasa, nikiwa nimemshinda mbele ya watu wote, ulimi wangu mwenyewe ulikuwa bado unasema kila asubuhi, "Chamgei, Chairman." Naye aliitikia "Chamgei mising" bila haya, akaendelea kukaa kwenye benchi yake karibu na mizani, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti. Iliniuma. Usiku nilikuwa nikimweleza mume wangu, naye alikuwa akisema, "Pole, Bibi ya Mwalimu."

Karani aliona nimenuna, akajaribu kunipoza kwa kuniita Chairlady. Nilimkatalia. Chairlady ni wa chama cha akina mama, yule anayejua sufuria kubwa za harusi ziko kwa nani. Cheo hicho nilikuwa nacho tayari, pamoja na sufuria zenyewe.

Nikaamua kuwafundisha adabu kwa mfano. Nilianza kumpa kila mtu cheo, nikitumaini kwamba atanirudishia changu. Kijana wa bodaboda nikamwita Injinia. Mama anayeuza chapati pale kituoni nikamwita Director. Karani nikamwita Meneja, mbele ya watu. Wote walipokea kwa furaha na hakuna aliyerudisha kitu. Injinia akaanza kuniuliza kama gunia langu ni lazima lipakiwe na yeye mwenyewe. Director akaanza kufungua kibanda akichelewa, saa ambayo chai ya asubuhi imeshapoa tumboni. Nilikuwa nimeharibu kituo kizima na bado mimi ni Bibi ya Mwalimu.

Halafu ikaja ile wiki ya mvua. Majani yalichipuka kwa fujo, tukachuma mpaka magunia yakakosa mahali pa kutundikwa, na jioni lori la kiwanda halikufika. Dereva alimpigia karani simu kusema amezama kwenye tope, kona ya chini karibu na mto. Majani yakibanwa kwenye gunia muda mrefu hupata moto, hugeuka mekundu, na kiwandani hayapokelewi. Kogo mmoja, bibi kizee anayeheshimiwa na kila mtu kwa sababu ya ulimi wake, aliingiza mkono kwenye gunia lake akautoa haraka.

"Hii imeanza kuiva," akasema. Kisha akaelekea kwenye benchi, na watu wote wakamfuata. "Chairman, lori iko wapi?"

Mzee alitazama mvua. Alitazama fimbo yake. Alizitazama zile nyuso zote zilizolowa, na nadhani ndipo alipoelewa faida ya kushindwa uchaguzi. Aliinua fimbo, akanielekezea mimi.

"Mnaniuliza kama nani?" akasema. "Chairman ni yule pale."

Wote wakageuka. "Chairman," wakasema kwa pamoja, kila mmoja na swali lake. "Chairman, hii majani itaenda wapi?" "Chairman, hii tutachuma tena kesho ama tuache?" Hata karani aliniita hivyo. Nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa hamu, na lilipokuja lilikuja limeshika jembe. Hata hivyo nilifurahi. Nilifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja, na nikawaamuru wamwage majani juu ya meza na maturubai yapate hewa, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Kilichobaki kilikuwa kulivuta lori. Ng'ambo ya mto kuna mkulima mwenye trekta. Nilimpigia simu, nikamsalimia vizuri, nikamwita mzee wangu, nikamweleza shida yetu. Alisema trekta ina shida ya betri, akakata.

Yule mzee alikuwa amesogea hadi kwenye nguzo iliyo karibu nami. Hakunitazama, wala mimi sikumtazama, kwa kuwa ndiyo adabu yetu. Aliongea na mvua.

"Huyo haitwi mzee," akasema. "Aligombea kiti ya wadi, akaanguka, lakini anaitwa Mheshimiwa. Na usimwombe trekta. Mwambie watu wanamngoja."

Nikapiga tena. "Mheshimiwa," nikasema.

Sauti iliyojibu sasa ilikuwa ya mtu aliyesimama jukwaani. "Eeh, endelea."

"Mheshimiwa, watu wako wako hapa kituoni. Wanakungoja."

"Naongea na nani?"

Hapo nililitamka neno lenyewe kwa kinywa changu mwenyewe. "Chairman wa kituo."

"Chairman namjua," akasema. "Hiyo si sauti yake."

Mzee alinyoosha mkono nikampa simu. Ni simu yenye sauti kubwa, kwa hiyo kituo kizima kilisikia. "Mheshimiwa," akasema, "huyo ndiye Chairman. Tulimchagua."

Tulimchagua. Yeye aliyekuwa amesimama mbele ya ule mlolongo mwingine. Nilikuwa nimeandaa moyo wangu kumchukia mpaka mavuno yaishe, naye akaniharibia kwa neno moja.

"Sasa wewe ni nani?" simu ikauliza.

Mzee aliyejua cheo cha kila mtu kutoka hapa mpaka Chebunyo hakuwa na cha kwake. Angeweza kutaja jina lake, lakini jina lake halijawahi kutajwa mbele yetu sisi wake wa vijana, na hakuwa tayari kuanza jioni hiyo, mbele ya magunia. Alishika simu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Nilimhurumia sana, na sikuficha.

"Patron," nikasema, macho chini.

"Ati nini?"

"Sema ni Patron wa kituo."

Cheo hicho hakikuwepo. Hakikuwa kimejadiliwa na kamati wala na mtu yeyote, ila tu kila kikundi huku kwetu kina Patron wake, na hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi. Mzee alilionja lile neno kwanza. Kisha mabega yakapanda.

"Ni Patron anaongea," akaiambia simu.

Kabla hawajamaliza kuagana tulisikia trekta ikikohoa ng'ambo ya mto, betri na yote. Mheshimiwa alivuta lori amevaa koti la suti, akaomba dakika chache za kuongea na wananchi, akachukua nyingi, na hatukumkatiza. Majani ya Kogo yalipona na yangu pia, isipokuwa yale ya chini kabisa. Karani, akifunga mizani, aliniuliza Patron atakuwa akifanya nini hasa.

"Atakaa," nikamwambia.

Na anakaa. Kesho yake nilimsalimia, "Chamgei, Patron," akaitikia kwa sauti ndefu kuliko ile ya zamani. Nyumbani mume wangu alisikia habari zote, akaniita Chairman siku moja, kisha akaniuliza kama Chairman amekumbuka kuweka maharagwe motoni. Nilimwambia hilo ni la Bibi ya Mwalimu, amtafute.

Wiki iliyopita nilikuwa nikishuka barabarani kwenye mvua, Patron akiwa hatua chache mbele yangu, mtu akaita kutoka nyuma, "Chairman." Tuligeuka wote wawili, maana na yeye bado hajakizoea cheo chake kipya. Alimtazama aliyeita, akaona alivyolowa na alivyokuwa akikimbia. Akavuta kofia chini.

"Ni wewe wanataka," akaniambia. "Lori imekwama tena."

Akageuka akaenda zake kwa Director kunywa chai, taratibu, fimbo ikiwa kwapani. Aliyeita akanifikia akihema. "Chamgei, Chairman," akasema. Nami nikaitikia polepole, kama mtu anayesumbuliwa na mengi, na safari hii sikuwa najifanya.