Pigano Ambalo Mama Aliliona kwa Mgongo

Wajukuu wangu wakianza kubishana juu ya mabondia mbele ya televisheni, mimi huwaacha wachoke kwanza. Huyu ana bingwa wake, yule ana wake, na kila mmoja anaapa kwamba bingwa wake angemmaliza wa mwenzake kabla ya chai kupoa. Kisha mmoja ananigeukia: “Susu, wewe utajua nini kuhusu ngumi?” Susu ni nyanya kwa lugha yetu. Na nyanya, kwa watoto hawa, ni mtu aliyezaliwa mzee, na kijiko cha uji mkononi.

Najua. Nilijua ngumi kabla baba zao hawajajua kupangusa kamasi. Najua nani alipigana na nani pale Kitui baada ya vita vya Bama, ile Burma walikopelekwa vijana wetu kumpigania Mwingereza, nani alianguka, na nani alisingizia jua. Majina yote ninayo kichwani, jina la kila mtu na la baba yake. Lakini sitaandika hata moja. Wajukuu wa watu hao tunakutana sokoni, na mimi bado nataka kuuziwa mboga nzuri.

Vijana wetu walirudi kutoka Bama na buti, blanketi za jeshi, na tabia ya kukunja ngumi hata wakiongea na wazazi. Huko jeshini walifundishwa mchezo huo, na wakatuletea habari za mabingwa weusi wa Amerika ambao kazi yao ilikuwa kuangusha wazungu mbele ya umati na kulipwa. Wazee walikuwa wameamini mambo yote ya Bama, hata ya ruba wakubwa kama soksi. Lakini mtu mweusi ampige mzungu, kisha badala ya kufungwa apewe pesa na kupigiwa makofi? “Huo sasa ni uongo wa jeshi,” walisema, wakaendelea kunusa tumbaku yao.

Mmoja wa vijana hao alikuwa ameniposa. Pua yake ilikuwa imevunjwa ulingoni na askari Mganda, ikapona ikiangalia kando, hata akija kwako moja kwa moja ungefikiri anapita tu. Mbuzi wa posa walikuwa wameshafika kwetu Tulia na baba alikuwa amewapokea. Baba angepokea mbuzi hata kutoka kwa fisi. Mama ndiye hakuwa na amani.

“Mtu ambaye kazi yake ni kupiga watu,” aliniuliza tukipepeta ndengu, “siku akifika nyumbani akose wa kupiga, atampiga nani?”

“Mama, ule ni mchezo. Una sheria zake.”

“Baba yako pia alisema pombe ni mchezo. Nitaenda Kitui nijionee akipigana. Nikiona ni mtu wa hasira, mbuzi hawa watarudi kwao, hata kama ni mimi nitawabeba mgongoni.”

Niliendelea kupepeta, maana nilimjua mama, na nilimtaka yule mwanamume, pua na yote.

Lakini kulikuwa na shida. Kwetu, mbuzi wakishapokewa, mwanamume na mama wa msichana hawaonani tena ana kwa ana. Tunaita nthoni, yaani haya. Wakikutana njiani, mwanamume anaruka kichakani hata kama ni miiba, na mama anajifunika uso mpaka apite. Sasa mfikirie mwanamume huyo akiwa na kaptura tu, kifua wazi, jasho linamtiririka, na mama mkwe anamkagua kama ng'ombe wa mnada.

“Nitajificha,” mama alisema.

Siku ya pigano tulitoka alfajiri tukapitia Matinyani, mama na kiondo chake cha ndengu za kuuza njiani. Ulingo ulikuwa nguzo nne na kamba za katani. Kengele ilikuwa jembe la plau lililotundikwa. Mama alijikunja nyuma ya wanawake wa Matinyani, shuka hadi machoni, akakaa kimya kama mwizi.

Mpinzani alikuwa mchinjaji kutoka Mutomo, mwanamume ambaye mikono yake ilikuwa kama mapaja ya wengine. Mchumba wangu alianza vizuri, akimzunguka kama nzi. Nikaanza kupumua. Ndipo mchinjaji akamkanyaga mguu, na mama akasahau kwamba amejificha.

“Wee mnene! Toa mguu wako hapo!”

Mchumba wangu aligeuka. Akaniona mimi, kisha akaona niliyekaa naye. Masikini, alifunika kifua kwa glovu zote mbili kama msichana aliyefumaniwa mtoni, akakimbilia nyuma ya refa. Mchinjaji akamfuata akimpiga mbavu na masikio. Refa, mzungu aliyeletwa na serikali, alipuliza filimbi hadi akawa mwekundu.

“Anatafuta nini huko nyuma?” watu wakazomea. “Anataka kubebwa?”

Mzee mmoja karibu nasi ndiye aliyeelewa. “Ni mama mkwe! Mtoeni mama mkwe!”

Umati wote ukageuka kumtafuta mama. Plau ikalia, raundi ikaisha.

“Mama, nenda nyumbani, kijana apigane!”

“Nimetembea kutoka Tulia,” mama alisema. “Siendi mahali.”

Alimwaga ndengu zilizobaki kwenye shuka yangu, akaupa ulingo mgongo, akajifunika kiondo kichwani hadi mabegani.

“Haya,” alisema kutoka ndani ya kiondo. “Niambie kila kitu. Ukinidanganya nitajua.”

Basi nikamtangazia. Mchumba wangu, alipoona mgongo wa mama, alirudi kuwa mtu. Nikasema amepiga tumbo, amepiga kidevu, mchinjaji anayumba. Kisha umati ukapiga kelele moja.

“Nini? Nini?”

“Mchinjaji ameanguka!”

Kiondo kilitulia kabisa. “Na huyu wetu? Anampiga pale chini?”

“La. Refa amepuliza filimbi, amemwonyesha kona.”

“Ameenda?”

“Ameenda. Amesimama tu.”

“Damu inamtoka?”

“Puani. Na bado amesimama.”

“Basi,” mama alisema. “Mbuzi wakae.”

Mchinjaji aliamka, na mwisho wa yote akapewa ushindi kwa sababu ya ngumi za bure alizompiga mchumba wangu nyuma ya refa. Mama alikasirika kuliko mtu yeyote. Hadi alipokufa alisema mkwe wake aliibiwa, na alisimulia pigano lile, ngumi kwa ngumi, vizuri kuliko waliokuwa na macho.

Tukirudi nyumbani nilimwambia ukweli, kwamba kwenda kona ni sheria, si huruma.

“Unafikiri sikusikia filimbi?” alisema. “Nilitaka kujua kama mwanamume mwenye damu puani anaweza kuambiwa ‘nenda kule’ na aende.”

Tulioana. Alikuwa mkaidi, alikoroma kwa ile pua, na tuligombana kama watu wengine. Lakini kila sauti yake ilipopanda na mkono ukaanza kukunjika, sikukimbia kwa jirani. Nilimwonyesha kidole kule penye mtungi wa maji.

“Kona,” nilimwambia.

Naye alienda, akinung'unika, akasimama pale hadi nimwite kula.