Nyama Isiyo na Mfupa

Baba yangu alikuwa hajawahi kula kwangu tangu niolewe. Naanza na hilo, maana bila hilo habari hii ya kuku na presha kuka itaonekana umbea wa jikoni. Si kwamba sijui kupika. Aliyenifundisha ni marehemu mama, na mama ndiye aliyekuwa akiitwa kupika kwenye shughuli za watu pale Shelui. Baba hakula kwa sababu niliolewa na Mkristo.

Tulifunga ndoa bomani. Mume wangu ni Mnyaturu wa upande wa Ikungi, fundi umeme, kanisani anaenda akikumbuka. Mimi sikubadili dini, wala yeye hakuwahi kuniomba. Nafunga Ramadhani yote, naye anaamka kula daku pamoja nami kwa sababu, anavyosema mwenyewe, hawezi kulala mtu akigongagonga vyombo. Nyama ya nguruwe haijavuka mlango wangu hata siku moja. Lakini kwa baba, ambaye ukoo wao ulipanda kutoka pwani zamani za babu zake na hadi leo hachoki kuwakumbusha watu, kwangu ni kwa watu ambao hujui sufuria yao imepikiwa nini. Akija Singida mjini kufuata bidhaa za duka lake, alipita kunisalimia akiwa amesimama. Nikimkaribisha maji, ametoka kunywa. Nikimkaribisha chai, ametoka kunywa. Miaka yote mtu anatoka kunywa, na mimi nimesimama na birika mkononi kama mhudumu wa mgahawa uliokosa wateja.

Mtu mwingine angezoea. Mimi nina hasira za karibu na sikuzoea. Nilitaka kitu kimoja tu: baba aketi kwenye kiti changu, ale chakula changu, ashibe. Sikutaka kikao cha wazee, sikutaka kuombwa radhi. Nilijua siku akila, atakuwa amekubali kwamba mimi bado ni mwanawe, na nikisema jambo ananiamini. Hayo mengine ya kupatana mbele za watu ni maonyesho.

Meno ndiyo yaliyonipa nafasi. Baba aliugua fizi, akang'olewa meno hospitalini hapa mjini mpaka mdomo ukabaki mtupu, akaambiwa awe anarudi kuangaliwa kabla ya kutengenezewa ya bandia. Safari ya kutoka Shelui si ndefu, ila mtu wa umri wake hawezi kushinda stendi juani na njaa. Akanipigia simu.

"Siku ya kurudi kwa daktari nitapumzika kwako mpaka saa ya gari," alisema. "Unipikie kitu laini. Sitafuni."

Nilijibu, "Sawa, baba," kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha nikakaa chini sakafuni jikoni nikalia. Mume wangu alipouliza kuna nini nikamwambia baba anakuja kula.

Ningeweza kumpikia uji. Mtu mwenye akili angepika uji na habari ingeishia hapo. Lakini huku kwetu mgeni wa heshima asipochinjiwa kuku, ni kama hakufika. Kuku wa Singida wanajulikana nchi nzima, abiria wa mabasi wananunua wakienda nao kwa ndugu zao, halafu mimi nimpe baba yangu uji, siku ambayo nimeisubiri tangu niolewe? Shida ni kwamba kuku wa kienyeji ana ubishi. Jogoo wa hapa anaweza kuchemka mpaka mkaa uishe na bado ukamkuta anakusubiri.

Nikatafuta kwenye simu. Nikaona mama mmoja wa huko ughaibuni anapika kuku na mchele wa porini ndani ya presha kuka, anamchambua nyama yote, anatupa mifupa, anarudisha nyama kwenye wali na kuitia krimu mpaka kila kitu kinakuwa laini, mtu anameza bila kutafuna. Nikasema ndicho hiki.

Presha kuka sikuwa nayo. Nilinunua mpya, ingawa jirani alikuwa tayari kuniazima yake, kwa sababu nilitaka sufuria ambayo baba hawezi kuiuliza imepika nini. Nikanunua na mwiko mpya, sahani mpya, bakuli jipya. Mume wangu aliangalia vile vyombo vimepangwa mezani vina stika bado. Jioni yake ndipo akaniambia kwamba siku hiyo yeye atakuwa kazini mpaka baba aondoke, ili mzee awe huru. Alisema kwa upole. Mtu anaondoka kwenye nyumba yake mwenyewe ili mkwewe apate hamu ya kula, na mimi nikakubali. Bado linaniuma hilo.

Sokoni niliulizia mchele wa porini. Mwanamke aliyekuwa akiuza mchele wa bonde la Wembere alinicheka.

"Mpunga pori? Dada, huo sisi tunaung'oa shambani, wewe unautafuta uupike?"

Akanipa mchele wa kawaida wa kwao uliokobolewa mara moja tu, bado una wekundu wake. Nilifurahi kwamba ulitoka upande wa Shelui, nikajua baba ataonja mchele wa nyumbani. Krimu sikuitafuta. Kila nilipochemsha maziwa niliengua malai, ule utando mzito wa juu, na kuyaweka kwenye friji, chai ya nyumba hii ikanywewa nyepesi bila mtu kulalamika.

Kuchinja ndiko nilikokuwa mwangalifu zaidi. Mtaani kwetu kuna mzee fundi cherehani, Mwislamu wa swala zote, na yeye ndiye anayechinja kuku wa mtaa mzima. Hata Wakristo wakiwa na shughuli wanamwita yeye, ili asitokee mgeni wa kukaa na njaa. Malipo yake ni kichwa, shingo na miguu. Asubuhi ile nilimpelekea jogoo wangu wa kufuga mwenyewe, mwekundu, mzito. Akamchinja nikiwa nimesimama pale pale, nikamwachia haki yake, nikarudi na jogoo wangu nikamnyonyoa uani.

Sasa mapishi. Milio ya presha kuka iliniogopesha mwanzo, nikawa nasimama mlangoni mguu mmoja nje. Nilimpika jogoo peke yake kwanza na kitunguu, tangawizi na chumvi, muda mrefu kuliko alivyosema yule mama wa kwenye simu, maana kuku wake yeye hajawahi kukimbizwa na mtu. Nilipofungua mfuniko, nyama ilikuwa inaachia mfupa yenyewe. Niliichambua yote kwa vidole, nikatoa ngozi, nikatoa mifupa mpaka ile midogo kama sindano, nikiogopa isije ikamchoma fizi. Mifupa nikawatupia mbwa wa jirani. Nikatia mchele, karoti na ile supu, nikafunga tena. Malai sikuyatia mapema, yangekatika. Mwisho kabisa nilikaanga unga kidogo kwenye siagi, nikaulegeza na malai, nikamimina humo na nyama, nikakoroga kwa mwiko mpya. Ikawa nyeupe, nzito, inanukia pilipili manga na maziwa. Na firigisi, ambayo kwetu ni ya baba wa nyumba na haigawiwi, niliikatakata ndogo ndogo sana kwa kisu, nikaichanganya humo humo. Niliikata nikimwonea huruma. Angeitafuna na nini?

Alifika mchana. Shikamoo, marahaba. Alitawadha, akasali kwenye msala niliomtandikia, akakaa mezani. Kwenye kiti changu, amekaa! Nikamnawisha mikono, nikamfunulia bakuli mbele yake.

Akainama kulitazama.

"Nini hiki?"

"Wali na kuku, baba. Ni laini, huhitaji kutafuna."

Akachukua kijiko, akaupekua ule wali taratibu, upande huu na upande huu. Nilidhani anapooza.

"Kuku yuko wapi?"

"Ndiye huyo, baba. Nimemchambua."

"Paja liko wapi? Kidari? Firigisi iko wapi?"

"Vimo vyote. Firigisi nimeikata ndogo, kwa ajili ya fizi zako."

Akaweka kijiko chini. Hakukitupa, alikilaza tu pembeni ya sahani, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Maisha yake yote baba amekula kuku anayemwona: paja ni paja, bawa ni bawa, firigisi juu kabisa, mgeni anajua amechinjiwa nini. Mtu aliyeogopa nyama ya nyumba hii tangu siku ya kwanza, mimi nimemwekea nyama isiyo na mfupa, isiyo na ngozi, isiyo na jina, nimeifunika na kitu cheupe. Kwa huruma yangu nilikuwa nimefuta kila alama ambayo macho yake yangeweza kuishika. Kilichokuwa kimebaki ni neno langu peke yake.

"Ni kuku, baba," nikasema. "Wallahi ni jogoo wangu."

"Sijasema si kuku."

"Basi kula."

Hakukigusa kijiko. Ukimya wa baba naujua tangu utoto, ni mlango unaofungwa bila kelele. Na mimi, mtu mzima, mke wa mtu, nikatoka mbio hadi shimo la taka uani. Niliinama nikafukua kwa mikono. Nikarudi sebuleni na manyoya mekundu yaliyolowa, yananuka maji ya moto, nikayaweka juu ya sahani mpya mbele ya baba yangu.

Aliyatazama. Nadhani aliona aibu kidogo, sina hakika.

"Manyoya ni ya kuku, sawa," alisema. "Nani kachinja?"

"Mzee jirani. Mwislamu. Nilikuwa nimesimama pale."

"Mh," akasema baba.

Mh. Huyo ndiye aliyenifundisha mwenyewe kusoma Kurani, kidole chake juu ya kidole changu. Nilimwapia kwa Mungu yule yule, akaniitikia mh.

Ningeweza kuondoa bakuli. Ningeweza kumwambia akae na njaa yake. Nilikuwa na maneno tele. Badala yake nilijifunga kanga vizuri nikaenda kumwita mzee wa cherehani. Alikuja na tepu yake ya kupimia shingoni, akidhani ni salamu tu. Wakatoleana asalaam aleikum, wakaulizana habari za safari na za mvua.

"Jogoo wa huyu binti umechinja wewe?" baba akauliza.

"Mimi mwenyewe, asubuhi," alisema mzee. "Jogoo mzuri sana."

"Alhamdulillahi," akasema baba, akasema bismillahi, akala.

Alikula. Nimeshuhudia kwa macho yangu. Alikula bakuli zima, akaongeza, akamkaribisha na yule mzee wakala pamoja, wakasifu ulaini wake. Malai yalimganda kwenye ndevu. Alisema mchele anaujua, ni wa kwao. Mimi nilisimama karibu na kabati na jagi la maji, kila nilichokitaka kinatimia mbele yangu, na nilitamani kile chakula kimkwame. Mtu ambaye hata jina lake alikuwa hajauliza alisema maneno machache, yakatosha. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Labda kwa wengine.

Alipoondoka alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru. Mimi aliniambia, "Umepika vizuri, mwanangu." Nikamsindikiza hadi kwenye bajaji.

Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni, hakuvua hata viatu.

"Amekula?"

"Amekula."

Alifurahi mpaka akapiga makofi. Alisema ameshinda juu ya nguzo akituombea. Akajipakulia kilichobaki, akala akisifia, akasema sasa hata yeye siku moja atakaa meza moja na mzee. Sikumwambia habari ya mzee wa cherehani. Nilimtazama anavyokula kwa imani, kila kijiko, hajaniuliza kitu.

Juzi baba amepiga simu. Sauti yake ilikuwa changamfu. Meno ya bandia yako tayari, atakuja kuyavaa, na angependa nimpikie kile chakula tena, kile kile, asibadilishiwe.

"Sawa, baba," nikasema.

Akakohoa kidogo.

"Na yule mzee," akauliza, "atakuwepo?"

Nilikuwa nimeegemea ukuta wa jikoni. Nilisikia magari ya Shelui yakipita nyuma yake, honi za malori, na pumzi yake akisubiri jibu.

"Atakuwepo, baba."