Kaa Wangu wa Mumbuni

Niliporudi nyumbani Mumbuni kutoka Mombasa, hoteli niliyokuwa nikifanyia kazi ikiwa imefungwa, sikuja na kitu cha maana ila kaa mmoja. Ni wale kaa wadogo wa pwani wanaobeba nyumba mgongoni, gamba tupu la konokono wa baharini. Mama alimtazama akauliza anapikwa na nini.

Nilimtafutia tangi la kioo lililowahi kuwa la samaki, nikalijaza mchanga wa mto. Watu hudhani kaa hujitunza mwenyewe. Upuzi! Kila jioni nilitoa mabaki ya chakula kabla hayajaoza. Kila Jumamosi nilifuta kioo kwa kitambaa na maji matupu, nikachemsha magamba ya akiba ya kuhamia akikua, nikabadilisha vibakuli viwili, kimoja cha maji ya kawaida na kingine cha maji ya chumvi. Mchanga niliupima kwa kuufumbata: ukishikana, unyevu unatosha. Sabuni ilikuwa marufuku. Nilimwambia mama hivyo mara nyingi, mpaka akaniuliza kama nimemfanya yeye mtoto.

Kiangazi kilipokolea, kaa alijichimbia chini akapotea. Nilijua anajivua ngozi. Wakati huo mwili wake ni laini, haguswi wala mchanga hauchezewi. Unangoja tu, hata wiki sita. Nikamweleza mama hilo pia. Akasema, "Sawa."

Jumamosi moja niliitwa ghafla kwenye duka ambako nilikuwa nimepata kibarua. Kurudi saa kumi, nakuta tangi linang'aa.

"Nimekuoshea hiyo tangi yako," mama akasema, amejaa furaha. "Ilikuwa inanuka. Hiyo kitu yako sijaguza, nimemwagia tu maji juu."

"Maji gani?"

"Si ni ile ya kusuuza mashuka. Kwani ningemwaga bure?"

Kwetu maji hayamwagwi. Ya kuoshea mboga huenda kwenye vyombo, ya nguo huenda sakafuni, ya sakafu huishia kwenye migomba. Nimelelewa hivyo na sioni aibu. Lakini yale yalikuwa na sabuni na dawa ya kung'arisha, niliyanusa nikiwa bado mlangoni. Hasira ilinipanda. Aliniambia sawa! Miezi yote ile aliitikia sawa, na hakuna neno hata moja lililoingia.

"Mama, umemuua!"

"Aii! Na mimi nilikuwa nasaidia."

Nilibeba tangi hadi uani nikafukua kwa vidole. Nilimkuta pembeni, nusu nje ya gamba lake, mweupe, miguu imelegea. Nilimgusa. Hakusogea.

Jikoni kulikuwa na mitungi miwili ya maji ya kunywa, mama aliibeba mwenyewe asubuhi kutoka kisimani. Nikatoa wa kwanza, nikaumimina wote kwenye ule mchanga. Nikisema nilikuwa nausafisha nitakuwa muongo. Kaa alikuwa amekufa na nilijua. Nilitaka tu mama aone maji yakipotea.

Alisimama mlangoni, mikono ndani ya leso aliyojifunga kiunoni. Niliposhika mtungi wa pili nilimngoja anizuie. Nilitaka sana anizuie, tugombane mpaka majirani watoke.

"Mwaga," akasema. "Kama ataamka, mwaga yote."

Nikaumwaga wote, nikimtazama usoni.